Mpaza Sauti wa Sheikh Hawshab

Watu wa Wasiti walikuwa na utani wao. Walisema Mwenyezi Mungu alimnyima Sheikh Hawshab koo, akampa mkwe. Mzee alizungumza polepole, kama mtu anayemsimulia jirani jambo juu ya ukuta mfupi, na waliokaa nyuma ya safu za kwanza hawakumsikia. Ndipo Zurara, mume wa binti yake, aliposimama juu ya kinu kilichopinduliwa kando ya nguzo, akajaza kifua, akayarusha maneno mpaka uani. Mlangoni pa ua alisimama Faraj muuza vitunguu. Yeye aliyadaka akayatupa mbele zaidi, kwa waliokaa chini ya vivuli vya mikeka na kwa wale waliobaki barabarani na punda wao. Kalamu zikakwaruza safu baada ya safu, kama mvua inayovuka uwanja.

Yaliyorushwa hivyo yalikuwa maneno ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Sheikh aliyapokea kwa mzee aitwaye Hattan, Hattan kwa Mukhariq, na Mukhariq kwa sahaba aliyeyasikia kwa masikio yake. Hakuna mtu mwingine aliyebaki hai nchi nzima ya Iraki aliyewahi kukaa mbele ya Hattan. Kwa sababu hiyo watu walikuja kutoka mbali, wengine wakiwa wameuza mashamba. Majira hayo alikuwepo Bakkar, mtu mwembamba kutoka Nishapuri, aliyelala msikitini na kula mkate wa shayiri kwa chumvi. Bakkar hakumwamini mtu. Faraj alisema ukimpa salamu atakuuliza umeipokea kwa nani.

Kosa la kwanza lilikuja mwanzoni mwa majira ya baridi, mto ulipofura ukalivunja daraja la mashua, na pande mbili za mji zikabaki kutazamana. Sheikh alianza kama alivyoanza siku zote. "Amenihadithia Hattan," alisema, "kutoka kwa Ruhm."

Zurara alikuwa ameshafungua kinywa. Ruhm alikuwa ndugu yake sheikh, mkamua mafuta ya ufuta, Mungu amrehemu, mtu mwema ambaye hakuwahi kupokea wala kusimulia chochote isipokuwa bei ya ufuta. Zurara hakufikiri. Alipaza, "Kutoka kwa Mukhariq." Faraj akapaza Mukhariq, na kalamu zote zikaandika Mukhariq.

Alijisikia kama mtu aliyemwekea mzee wake sawa kilemba kilichoteleza. Nani angeacha kilemba cha mzee kianguke mbele za watu?

Lakini kilemba kiliteleza tena, na tena. Sheikh alianza hadithi ya kumheshimu jirani akamalizia na hadithi ya saumu. Alitaja mji ambao Hattan hakuwahi kuukanyaga. Kila mara Zurara aliyadaka maneno angani, akayanyoosha, akayapeleka mbele yakiwa mazima. Alizijua hadithi zote za mzee. Alikuwa akizipaza tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

"Siku hizi unachelewa," Faraj alimwambia siku moja wakikunja mikeka. "Sheikh anasema, halafu kimya, halafu ndiyo wewe. Unayatafuna kwanza?"

"Koo linanikereketa."

"Kula kitunguu."

"Ukinipa bure."

"Bure hata mama yangu hakupata," alisema Faraj akacheka. Kisha alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko utani ule ulivyotaka, akainama kuchukua mkeka mwingine.

Nyumbani, Unaysa, mke wa Zurara, hakuwa na utani. Alimkuta baba yake kisimani akitawadha kwa ajili ya adhuhuri, akamaliza, akaanza upya, akamaliza, akaanza upya, mpaka ngozi ya vidole ikajikunja kama ya mtoto aliyekaa majini. Alimshika mkono akampeleka kwenye mkeka wa swala. Kesho yake alimwita seremala, akamwambia atie komeo la mti lenye ufunguo kwenye mlango wa chumba cha mzee, upande wa nje.

"Hilo la nini?" Zurara aliuliza.

"Unajua la nini. Baba mwenyewe alituusia, na wewe ulikuwepo. Alisema, siku nikianza kuchanganya nifungieni ndani, mtu asinisikie, wala msinionee haya."

Ndivyo walivyofanya watoto wa wanazuoni waliomcha Mungu. Kumbukumbu za mzee zikianza kupotea, walifunga mlango na kuwaambia wageni, baba hasimulii tena. Aliyesikia kabla ya hapo alishukuru. Aliyechelewa alipakia mzigo wake akarudi kwao. Mtoto aliyemficha baba yake namna hiyo alisifiwa mpaka vizazi vya mbele.

"Hajafika huko," alisema Zurara.

"Jana ameniita kwa jina la mama."

"Wazee wote huita hivyo."

"Akaniuliza mbona sijamzaa Unaysa."

Zurara alilitazama komeo. Kisha alisema, "Basi funga wewe."

"Nikifunga mimi, kesho utasimama pale juu ya kinu useme sheikh ana homa, atarudi Ijumaa. Watu wanasikia sauti yako, hawaisikii yangu. Ni lazima ufunge wewe." Akamwekea ufunguo wa mti kiganjani. "Sikuhimizi. Lakini usiuweke mahali utakapousahau."

Aliuvaa shingoni kwa uzi, chini ya kanzu. Alijiambia kwamba darsa ndiyo pumzi ya mzee, na kwamba siku atakayonyimwa darsa atakufa. Hilo lilikuwa kweli. Jambo jingine hakujiambia. Kabla ya kumpata sheikh, Zurara alikuwa mnadi wa mbuzi sokoni, na bila sheikh angerudi kuwa mnadi wa mbuzi. Usiku ule aliomba kwa muda mrefu. "Ya Rabi, sitiri jambo hili." Alipofika mara ya pili kwenye maneno hayo ulimi ulimwia mzito, maana alitambua anamwomba Mungu wa kweli amsaidie kuficha. Alimalizia dua kwa haraka akalala.

*

Shabib alikuja asubuhi ya jua kali, mto ukiwa umeanza kupungua na matope yakinuka. Alikuwa karani wa liwali. Zamani alikuwa mwanafunzi wa sheikh, tena mwanafunzi hodari, na bado aliubusu mkono wa mzee kwa mapenzi ya kweli. Alileta samaki waliofungwa kwa majani ya mtende. Sauti yake ilikuwa laini, na Zurara hakuwahi kumwona akiharakisha jambo.

"Sheikh wangu, unanikumbuka?"

"Nakukumbuka," alisema mzee kwa furaha. "Wewe ni mtoto wa mwoka mikate."

Baba yake Shabib alikuwa mwashi. Shabib alitabasamu. "Ndiyo, sheikh. Nimekuja kuhakikisha jambo. Uliwahi kutuhadithia, kutoka kwa Hattan, kutoka kwa Mukhariq, kwamba mwenye kula tikiti kabla ya chakula husamehewa dhambi za wiki."

Zurara alisikia damu ikimpanda masikioni. Mtihani huu aliujua. Wanafunzi wakali waliuita kumlisha mzee. Unamtupia uongo uliofungwa kwa majina ya kweli, kisha unamtazama. Mzee mwenye akili zake anakufukuza kwa bakora. Mzee aliyekwisha anameza.

"Ndiyo," alisema Sheikh Hawshab, akitikisa kichwa taratibu. "Ndiyo. Tikiti. Amenihadithia Hattan."

Mwanafunzi mkali angeinuka hapo, angeliandika jina la mzee kando, asingerudi tena. Hilo lingekuwa jambo chungu, lakini safi. Shabib hakuinuka. Alikaa, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata mlango aliokuwa akiutafuta ukiwa haujafungwa. Zurara aliuona utulivu ule.

Kwenye kizingiti Shabib alisimama kuvaa viatu. "Juzi nilikaa mbele kabisa," alisema. "Zamani nilikuwa nakaa nyuma, nikisikia sauti moja tu. Juzi nilisikia mbili. Alivyosema yeye, na ulivyosema wewe."

"Mzee alikuwa amechoka."

"Bila shaka. Usiogope, ndugu yangu, mimi sijamwambia mtu. Ningemwambia nani? Yule wa Nishapuri angeyaosha makaratasi yake yote mtoni." Akafunga kamba ya kiatu vizuri. "Ijumaa liwali anataka darsa kubwa baada ya swala. Kadhi atakuwepo. Mimi nitamkumbusha sheikh hadithi moja, naye ataisema, na wewe utaipaza. Kazi yako ni ileile."

"Hadithi gani?"

"Ya mtu anayemficha aliyemwasi mtawala. Kwamba damu yake ni halali, hata akiwa amemwita mgeni wake."

"Hakuna hadithi hiyo," alisema Zurara.

"Ijumaa itakuwepo," alisema Shabib kwa upole, akatoka juani.

Mji mzima ulijua alichokuwa akikizungumza. Wakulima wa vinamasini walikuwa wamefungwa ngomeni tangu mwisho wa baridi. Mtu mwenye jeraha alitokea usiku kwenye nyumba zao za matete, akaomba maji na mahali pa kulala, wakampa kama walivyompa kila mtu. Kumbe alikuwa akiwakimbia askari wa khalifa. Liwali alitaka shingo zao. Kadhi, ambaye alimwogopa liwali na kumwogopa Mungu kwa kiasi kinacholingana, aliomba neno la Mtume lenye wapokezi wasio na shaka, ama sivyo kalamu yake haitatia saini. Wake wa wakulima walikaa nje ya ngome na mikate waliyoikanda asubuhi, na jioni waliirudisha nyumbani.

Na hapakuwa na wapokezi safi kuliko Hawshab, kutoka kwa Hattan, kutoka kwa Mukhariq.

*

Zurara hakumwambia Unaysa. Alijua atakachosema. Siku zile alikwenda sokoni akasimama kati ya mbuzi bila kununua. Alimtafuta Faraj akamkuta akipanga vitunguu, akakaa kwenye gunia.

"Faraj, nikisema kitu cha ajabu pale mbele, utakipitisha?"

"Lini umesema kisicho cha ajabu? Mwaka juzi ulipiga chafya nikaipitisha. Barabarani kuna mtu aliiandika."

Zurara alicheka, na kicheko kikaishia katikati.

Faraj aliacha vitunguu. "Nimekuwa nikisimama mlangoni pale miaka mingi," alisema, safari hii bila mzaha. "Mimi sisomi. Lakini najua pumzi ya mtu anayerudia na pumzi ya mtu anayetunga. Sikuuliza kwa sababu sikutaka kujibiwa."

"Na sasa?"

"Sasa pia sitaki. Nenda zako, unanifukuzia wateja."

Ijumaa asubuhi, akitoka kuoga, Zurara alisimama njiani kama mtu aliyeitwa jina. Atafunga. Atafunga sasa hivi, atasema mzee hasimulii tena, na liwali amfanye atakavyo. Aliugusa ufunguo kifuani akaanza kukimbia, kanzu akiishika mkononi, mpaka alipokata kona ya mtaa wao.

Nyumbu alikuwa amesimama mlangoni, ametandikwa zulia jekundu. Askari wawili walikuwa wamekaa kivulini wakila tende. Mmoja alimwinulia mkono kwa adabu.

Ndani, sheikh alikuwa ameshavaa kanzu nyeupe. Unaysa alikuwa akimchana ndevu.

"Wametuletea nyumbu, Zurara," alisema mzee, amefurahi kama mtoto wa sikukuu. "Zamani tulikwenda kwa miguu."

"Walikuja alfajiri," Unaysa alisema bila kugeuka. "Wamenieleza kila kitu, wana adabu sana. Wamesema mume wangu anajua tangu Jumatatu."

"Unaysa."

"Baba, inua kidevu kidogo. Vizuri." Aliweka kitana chini ndipo akamtazama mumewe. "Nilikulia kwenye maneno haya. Nilisaga ngano nikiyasikia. Nikimsingizia Mtume neno, makao yangu ni motoni. Najua na wewe unajua. Kwa hiyo sina la kukufundisha."

"Nikisema mbele za watu kwamba amechanganyikiwa, jina lake limekwisha. Atakuwa kicheko kuanzia hapa hadi Khurasani."

"Na wale wa ngomeni watakuwa nini?"

Nje, askari alikohoa, kama mgeni anayewakumbusha wenyeji kwamba bado yupo.

*

Baada ya swala hakuna aliyeondoka. Msikiti ulijaa mpaka uani, na kutoka uani mpaka barabarani. Kadhi alikaa akiwa ameinamisha macho kwenye mikono yake. Bakkar wa Nishapuri alikuwa mbele kabisa, karatasi gotini, kidau cha wino kimefungwa kwenye mshipi. Shabib alikaa karibu na sheikh, goti kwa goti. Zurara alipopanda juu ya kinu aliona vile vilemba vyote, na nyuma ya vilemba, kwenye milango, ncha za mikuki ambazo Ijumaa nyingine hazikuwepo.

Sheikh alimsifu Mungu. Akaanza.

Na alianza vizuri. Hilo ndilo lililomuumiza Zurara baadaye kuliko yote. "Amenihadithia Hattan, kutoka kwa Mukhariq," alisema mzee, na hadithi ikatoka nzima, kama ilivyotoka miaka yote. Ikaja ya pili, nayo nzima. Zurara alipaza, Faraj akapokea, kalamu zikakwaruza mpaka barabarani, na kwa muda ule moyo wa Zurara uliinuka. Labda mzee amerudi. Labda Mungu amejibu ile dua.

Shabib akainama. Alisema kwa sauti ya chini, ya mapenzi, kama mtoto anayemkumbusha baba jina la shangazi. "Na ile ya mtu anayemficha mwasi, sheikh wangu. Kutoka kwa Hattan, kutoka kwa Mukhariq. Kwamba damu yake ni halali."

Mzee alikunja uso. Kwa kitambo midomo ya sheikh ilitikisika kama inayokataa kitu. Kisha uso ukalainika.

"Ndiyo," alisema. "Amenihadithia Hattan, kutoka kwa Mukhariq. Mwenye kumficha mwasi, damu yake ni halali."

Safu ya mbele ilisikia. Kalamu kadhaa ziligusa karatasi. Ile ya Bakkar ilisimama hewani. Huko nyuma watu wote walikuwa wameinua nyuso, wakingoja, kwa sababu kwao sheikh alikuwa bado hajasema kitu.

Zurara hakupaza.

Kimya kilienea kuelekea uani. Faraj, mkono ukiwa sikioni, aliita kwa mbali, "Zurara, umemeza nzi?" Wachache walicheka. Shabib hakucheka. Aliinua macho yake matulivu. "Paza," alisema.

Zurara alifikiri angeweza kunyamaza tu. Lakini aliona kwamba kimya chake hakitatosha. Safu ya mbele ilikuwa na maneno tayari. Kesho wangeyapeleka kwenye darsa nyingine, kesho kutwa kwenye mji mwingine, na kadhi alikuwa ameshayasikia. Neno likishatoka na majina yake halirudishwi kwa kunyamaza. Linafukuzwa na neno jingine tu, nalo liwe na mwendo mkubwa zaidi. Akajaza kifua.

"Andikeni," alipaza. "Hawshab bin Uqba amechanganyikiwa. Msipokee tena kutoka kwake."

Hakuna kalamu iliyosikika.

Faraj alikuwa amesimama mlangoni, na mkuki mmoja ulikuwa karibu na bega lake. "Sijasikia," alisema.

"Umesikia, ndugu yangu. Pitisha."

Faraj alitazama mkuki, akatazama kinu. Alipogeukia ua sauti yake ilipasuka katikati, lakini ilifika. Hawshab bin Uqba amechanganyikiwa. Kwa mbali, barabarani, mtu ambaye Zurara hakumjua aliipokea akaipeleka mbele kwa wale wenye punda, na hapo ikawa haiwezi kukamatwa tena.

Bakkar alikuwa wa kwanza kusema. Aliuliza swali ambalo mtu wa kazi yake angemuuliza hata mama yake mzazi. "Tangu lini?"

Jibu jepesi lilikuwa kwenye ulimi wa Zurara. Tangu leo. Angesema hivyo, na majira yote ya baridi yangesalimika, na jina lake nalo. Watu wangemwita mlinzi wa maneno ya Mtume. Unaysa alikuwa nyuma, upande wa wanawake. Hakumwona, lakini alijua yuko wapi.

"Tangu daraja lilipovunjika."

Mnong'ono ulipita msikitini. Mtu alianza kulia kwa hasira. Alikuwa kijana aliyetoka Misri.

"Daraja lilivunjika kabla sijafika," alisema Bakkar polepole. "Nimekaa hapa baridi yote. Nimesikia mambo sahihi, yenye wapokezi sahihi."

"Umeyasikia kwangu. Mengine ni yake, mengine niliyanyoosha mimi. Sasa siwezi kuyatenganisha. Yaacheni yote. Na mimi pia mniandike, msipokee kwangu."

Bakkar alimtazama kwa muda. Hapakuwa na chuki usoni mwake, wala huruma. Alilowesha kidole kwa mate, akaanza kufuta, mstari baada ya mstari, na wino ukawa kivuli cheusi kwenye karatasi. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. "Mungu akusamehe," alisema bila kuinua kichwa. "Nitaandika kwamba ulisema mwenyewe."

Kadhi alikuwa ameinua macho kutoka kwenye mikono yake. Alisimama, akajikung'uta kanzu, akasema kwa sauti iliyosikika na safu ya mbele tu, "Basi hakuna neno la kutilia saini." Akatoka kwa mlango wa pembeni, haraka, kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Sheikh Hawshab alikuwa akimvuta Zurara pindo la kanzu. "Mbona wanafuta? Nani kachanganyikiwa?"

Zurara alishuka kwenye kinu akapiga magoti mbele yake. "Hawshab, sheikh."

"Hawshab yupi?"

"Bin Uqba. Wa hapa Wasiti."

Mzee alifikiri kwa bidii, macho kwenye dari. "Nadhani nilikutana naye," alisema. "Maskini. Kabla ya hapo alikuwa mkweli?"

Zurara aliushika mkono wa mzee. "Alikuwa mkweli, sheikh wangu. Sijapata kuona mkweli kama yeye."

"Basi mwandikieni na hilo. Mtu asidhulumiwe." Akampigapiga bega, kama alivyofanya siku ya kwanza alipomtoa kwenye mnada wa mbuzi. "Paza, mwanangu. Wa nyuma hawajasikia."

Zurara alipanda tena. "Kabla ya hapo," alipaza, "alikuwa mkweli." Faraj alipitisha, na safari hii kalamu zilikwaruza, zote, mpaka barabarani.

Aliposhuka, Shabib alikuwa amesimama kando ya nguzo akikunja mkeka wake mdogo kwa uangalifu. "Umefanya kazi yako vizuri," alisema, na Zurara alisikia kwamba hasemi kwa kejeli. "Lakini sheikh si mzee peke yake duniani. Tutampata mwingine. Wazee ni wengi, na wakwe wengi hawana sauti." Alitupa jicho kuelekea mlangoni. "Wewe hutakuwepo kumnyamazisha."

Watu walikuwa wakitoka. Pale mlangoni mkondo wao uligawanyika pande mbili kuwapita askari wale wawili wa asubuhi. Walikuwa wakimngoja Zurara, wala hawakuwa na haraka. Mmoja alikuwa akitoa kokwa ya tende mdomoni.

Unaysa alikuja dhidi ya mkondo, buibui lake likiwa limeshikwa kiunoni. Alimshika baba yake mkono. "Twende nyumbani, baba," alisema. Kwa Zurara hakusema kitu, ila alisimama karibu naye sana, karibu kuliko walivyozoea mbele za watu.

Zurara alivua uzi shingoni. Ufunguo wa mti ulikuwa na joto la mwili wake. Akauweka kwenye kiganja cha mkewe, akakifunga kiganja kwa vidole vyake.

"Ukifika," alisema, "funga wewe. Sasa watakusikia."